Bei Aliyoitaja Mzee Kobe

Paukwa! Pakawa.

Paliondokea Kobe mmoja, kando ya Ziwa Winnebago katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, aliyetaka kuruka. Usimcheke mapema. Wanyama wa upande ule wameyazoea mambo ya angani kuliko sisi. Mji wao ni Oshkosh, na kila mwisho wa Julai wanadamu humiminika hapo na ndege zao, zaidi ya 10,000 zikitua katika viwanja vya eneo lile kwa juma moja, yakiwamo mamia yaliyoundwa na wenyewe kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba. Chama kinachowakusanya, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny huko Milwaukee, jimbo hilohilo. Sheria ya Marekani inamruhusu raia wa kawaida kuunda ndege yake, mradi zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Wanyama waliyaona hayo kupitia matundu ya ua, mwaka baada ya mwaka, na wao wakaanza.

Lugha yetu inamwita ndege kiumbe na ndege mashine kwa jina moja. Humu wamo wa aina zote mbili, kwa hiyo ile ya kuundwa nitaiita chombo, kama mabaharia wanavyoita chao.

Mzee Kobe alikiunda chombo chake kwa miaka saba. Kilikuwa cha bati jembamba la alumini, viti viwili, na gurudumu dogo mkiani. Chombo cha namna hiyo hula maelfu ya ribiti, na kupiga ribiti kunataka watu wawili: mmoja nje na kifaa cha kugongea, mwingine ndani ameshika kipande cha chuma kilicholainishwa, akikikandamiza nyuma ya ribiti ili ncha yake ipondeke na kufunga. Aliyeshika chuma alikuwa Bi Kobe. Aliingiza shingo na mkono katikati ya mbavu za bawa, asionekane, ikabaki sauti yake tu ikisema "nzuri" au "itoe". Ikiwa "itoe", Mzee Kobe aliitoboa ribiti ile kwa keekee, akaanza upya. Bawa la kulia walilimaliza hivyo wawili. Siku ya kulifunga, Bi Kobe alichukua kalamu ya wino usiofutika akaandika jina lake upande wa ndani, pasipoonekana mpaka mfuniko ufunguliwe.

Kabla bawa la kushoto halijaanza, Bi Kobe akafa. La kushoto Mzee Kobe alilimaliza na mpwa wake, kijana mwenye pupa, na ribiti zake zilisema hivyo.

Chombo kilipokamilika alikuja Nyegere, mkaguzi wa serikali ya msitu. Alichungulia kila tundu, akavuta kila waya, akasoma daftari la miaka saba ukurasa kwa ukurasa. Kisha akabandika karibu na mlango maandishi makubwa ya kumjulisha kila abiria kwamba chombo hiki ni cha majaribio, akamwambia Mzee Kobe: "Saa 40 za kwanza utaruka peke yako, ndani ya eneo nililolichora hapa. Humpakii mtu." Ndivyo wanavyofanyiwa wanadamu pia mara nyingi.

Ikabaki bima.

Jioni chini ya mwaloni palikuwa na baraza, na baraza lile lilikuwa na msimamo mmoja kuhusu bima: kwamba ni wizi wenye mhuri. Chura alikuwa na kisa chake. Alikuwa na hati yenye jina lake peke yake kama rubani, akamwachia shemeji yake arushe mara moja tu, shemeji akakitumbukiza chombo ziwani, na Mfuko wa bima haukulipa hata njugu moja. Chura alikieleza kisa hicho kila wiki, na kila wiki aliruka lile neno "peke yake". Sungura naye alijigamba kwamba yeye aliwashinda. Chombo chake kilikuwa cha njugu 80,000, akawaandikisha 200,000. Upepo ulipokivunjavunja alitazamia kulipwa zile 200,000. Mfuko ukapiga hesabu, ukaona kukitengeneza ni rahisi kuliko kumlipa, ukakitengeneza. Tangu siku hiyo Sungura anaruka ndani ya viraka, na kila kiraka kina mtetemo wake. Hilo la mwisho halitaji barazani.

Mzee Kobe aliwasikiliza, akagonga gamba lake. "Mimi nilizaliwa na bima yangu mgongoni," akasema. Wote wakacheka, na kicheko kile kilimpendeza kupita kiasi. Nadhani hapo ndipo hasara yake ilipoanza, kwa sababu kesho yake alikwenda kwa wakala akiwa bado amekishika kicheko hicho.

Wakala alikuwa Bi Kindi. Ofisi yake ilikuwa ndani ya mti, na nyuma ya meza yake palikuwa na ghala la njugu za Mfuko. Kila mwenye chombo alileta njugu chache kila mwaka, na yule aliyepatwa alichotewa kutoka ghalani. Basi. Bima ni hiyo tu, ukiivua maandishi. Mabaharia waliijua kabla ya marubani: London, katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, tangu miaka ya 1680, wenye merikebu na wenye fedha walikutana wakagawana hatari ya safari, kila mmoja akiweka jina lake chini ya sehemu anayoibeba. Mwaka 1911 Lloyd's hiyohiyo ikaandika hati yake ya kwanza ya bima ya ndege. Na neno lenyewe, bima, limetufikia sisi watu wa pwani kwa njia ya bahari, kutoka upande wa Uajemi na India, pamoja na watu waliojua jahazi likizama linazama na mali ya nani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka bima ya chombo. Iwe nafuu."

Bi Kindi alitoa fomu. Akauliza umeruka saa ngapi maishani. Akauliza, katika hizo, ngapi ni za chombo chenye gurudumu mkiani, maana hicho kina tabia yake kinapotua. Akauliza nani amekufundisha aina hii hasa. Mzee Kobe akajibu kwamba Mwalimu Bukini, aliyevuka bara lile mara zisizohesabika kwa mabawa yake mwenyewe, alimpa saa 10 katika chombo ndugu wa kile. Bi Kindi akaandika, akafurahi. Kisha akauliza: "Na miaka saba ile, kikiwa bandani, kilikuwa na bima ya ujenzi?"

"Ya nini? Kilikuwa hakiruki."

"Banda huungua, Mzee. Paa huanguka." Hakuendelea, maana miaka hiyo ilikuwa imekwisha kwa salama.

Akaeleza. Ipo bima ndogo, ya kuwalipa wengine: ukiangukia shamba la mtu, au siku utakapopakia abiria akaumia. Hiyo usikose, akasema, kwa kuwa madhara ya mwenzako hayana kikomo unachoweza kukipanga. Ipo na bima kubwa, inayokihusu chombo chenyewe, nayo ina hatua tatu: kikiwa kimeegeshwa, kikiwa kinatembea ardhini, kikiwa angani. Unaweza kununua ya ardhini tu ukaacha ya angani. Mzee Kobe akauliza ni nani anayepata hasara chombo kikiwa kimefungwa kamba. Bi Kindi akamkumbusha ya Lakeland, Florida, ambako tarehe 31 Machi 2011 kimbunga kilipita katikati ya maonyesho ya ndege, kikazikuta ndege zimepangwa safu kwa safu, kikazipindua nyingi pasipo injini kuwashwa.

"Basi nipe yote," Mzee Kobe akasema. "Kubwa, hatua zote tatu."

"Vizuri. Sasa niambie bei yake."

Hapa Mzee Kobe alinyamaza. Ninakuomba nawe usimame hapa kidogo, kwa sababu mambo mengine yote ya hadithi hii ni upepo na bati. Jambo lenyewe ni hili. Chombo cha dukani kina bei yake dukani. Chombo ulichokiunda kina risiti za bati, za injini, za propela, za vipima mwinuko na kasi, ambazo kwa Mzee Kobe zilijumlika njugu 70,000. Halafu kina miaka saba isiyo na risiti. Sokoni, chombo kama kile kilichopigwa ribiti vizuri kiliuzwa 90,000, na kila aliyekuwa akifika uwanjani alilijua hilo. Mfuko haupimi thamani siku ya ajali. Unaikubali mapema ile unayoitaja wewe, inaandikwa kwenye hati, na hiyo ndiyo itakayosimama. Huitwa thamani iliyokubaliwa.

"Andika 40,000," akasema Mzee Kobe.

Bi Kindi aliinua kalamu. "Mzee, chombo chako ni cha 90,000."

"Ninajua ni cha ngapi. Ada ya 90,000 ni ngapi?"

"1,800 kwa mwaka."

"Na ya 40,000?"

"1,100."

"Njugu 700 kila mwaka kwa jambo lisilotokea! Nami nikivunja kitu, nani atakitengeneza? Mikono hii. Sihitaji fundi wa kulipwa. Nipeni vifaa, mengine ni yangu."

Bi Kindi akamweleza mara moja, kwa maneno ya wazi, kwamba bei ya chini haipunguzi ada peke yake. Inampa Mfuko haki ya kukichukua chombo. Mfuko ukiona kulipa thamani yote na kuuza mabaki kunaupa unafuu kuliko kukitengeneza, utafanya hivyo, na hati inauruhusu. Alilieleza sawasawa. Ila alilieleza mara moja, mchana ulikuwa umekwisha, Bata wawili walikuwa nje wakingoja, na Mzee Kobe alikuwa akicheka kile kicheko cha barazani. Hati ikaenda juu kwa Bundi, mthamini wa Mfuko. Bundi alikijua chombo kile. Alikwisha kukitazama kikiwa bandani, usiku, kupitia dirisha. Akaisoma 40,000, akaigonga mhuri.

Mimi hapo nina neno na Bundi. Sheria haikumlazimu kukataa. Lakini mkono unaopokea bei uliyoijua kuwa ya uongo, kwa sababu uongo huo unaweza siku moja kukufaa, si mkono msafi, hata kama kila karatasi ni halali.

Saa 40 za majaribio zilikwisha bila doa. Mzee Kobe alikuwa rubani mwangalifu kuliko wote. Asingeweza kuwa vingine. Alikagua mafuta kwa fimbo na kwa jicho, alitikisa kila bawa kabla ya kupanda, alirudi mapema upepo ukibadilika. Yaliyompata yalimpata saa ya 53, alasiri ya Septemba, kwenye majani ya uwanja aliouzoea.

Upepo ulitoka ziwani, ukaja ubavuni. Magurudumu ya mbele yaligusa vizuri. Mkia ukashuka. Na pale, kasi ikiwa imepungua kiasi kwamba usukani wa mkiani haushiki tena hewa, upepo uliusukuma mkia kidogo. Chombo chenye gurudumu mkiani kina uzito wake nyuma ya magurudumu; mkia ukianza kuondoka, unataka kuwa mbele. Mzee Kobe aliukanyaga usukani, akachelewa kwa kitambo cha kupepesa jicho. Chombo kikazunguka kulia kama mbwa anayefukuza mkia wake, gurudumu la kushoto likajikunja, bawa la kushoto likachimba majani, propela ikapiga ardhi mara mbili, na injini ikazima.

Kukawa kimya. Mzee Kobe alitoka akiwa mzima kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye bawa la kulia, akapapasa chini yake kwa kiganja, mbavu kwa mbavu. Halikuwa na hata mkwaruzo. Akakaa kwenye majani akalia kwa shukrani. Bawa la mpwa wake ndilo lililovunjika. Alikuwa tayari anahesabu kichwani bati litakalohitajika.

Bundi alikuja asubuhi na daftari, akamkuta amekwisha kupanga vifaa vyake kwenye blanketi. Akaandika polepole, akisema kila kitu kwa sauti:

"Bawa jipya, 9,000. Propela, 5,000. Injini, maadamu propela imepiga ardhi ikiwa inazunguka, ifunguliwe yote na kukaguliwa, 12,000. Miguu, 3,000. Bati la tumboni, 2,000. Ufundi, 6,000. Jumla, 37,000."

"Ufundi futa," Mzee Kobe akasema. "Ni wangu."

"31,000 basi." Bundi akageuza ukurasa. "Chombo chako, kwa neno lako, ni cha 40,000. Mabaki haya, yenye bawa moja zima, kiwiliwili kizima na injini inayofufuka, mnadani hayakosi 46,000. Nikikutengenezea, ghala linapungua 31,000. Nikikulipa 40,000 yako yote na kuyauza mabaki, ghala linaongezeka 6,000. Nimekadiria: chombo kimepotea."

"Hakijapotea! Kile pale!"

"Kimepotea kwa bei uliyoitaja."

"Na kama ningetaja 90,000?"

Bundi hakuhitaji hata kufungua daftari. "Ningelazimika kukulipa 90,000 na kurudisha 46,000 tu ya mnada. Hasara 44,000. Kutengeneza kungekuwa nafuu. Ningekitengeneza, na ufundi ningekulipa wewe."

Mzee Kobe alipeleka shauri kwa wazee. Chini ya mwaloni palijaa. Chura alisema ndiyo hayo aliyokuwa akiyasema. Nyegere aliitwa asome hati, naye aliisoma yote, kwa sauti ileile aliyokagulia waya, mpaka akafika chini palipokuwa na alama ya ukucha wa Mzee Kobe. Akauliza: "Hii ni yako?" Mzee Kobe akasema ni yake. Bi Kindi alisimama bila kuulizwa akasema alimweleza mara moja, na kwamba tangu siku hiyo kila mwenye chombo cha kuunda mwenyewe atamwonyesha hesabu zote mbili, ya bei ya chini na ya bei ya kweli, hadi ajali, hadi mnada, kabla hajachukua kalamu. Amefanya hivyo mpaka leo. Lakini kwa Mzee Kobe wazee hawakuwa na la kubadilisha.

Mnada ulikuwa Jumamosi. Mzee Kobe alifika na njugu 40,000 alizolipwa na akiba yake yote, 3,000. Ada alizookoa kwa ile bei ya chini zilikuwa 700. Nazo zimo humo. Alitaja 43,000 mara ya kwanza, hakupanda kidogo kidogo, ili wote waone ni mwisho wake. Palikuwa kimya kiasi kwamba maji ya ziwa yalisikika. Wengine walitazama chini. Kisha Fisi-maji, aliyekuja kutoka upande wa kusini na hakumjua mtu pale, akasema 46,000.

Si mwizi, Fisi-maji. Alilipa njugu halali, akanunua bawa jipya la kushoto, akafungua injini, akampa fundi kazi, na kufikia majira ya kuchipua chombo kilikuwa kikipita juu ya ziwa asubuhi. Mzee Kobe hukitambua kwa mlio kabla hakijaonekana, akanyoosha shingo, akakitazama mpaka kinapotea upande wa kaskazini.

Kinaruka hadi leo. Fisi-maji hajawahi kuwa na sababu ya kufungua mfuniko wa bawa la kulia, kwa kuwa halijawahi kumsumbua, na jina la Bi Kobe bado limo ndani yake.